Sifa za Mtu Aliye Hai

Okolona, Louisville
Oktoba 2015

Baba,

Miezi mitano nimekukwepa. Nikipita mbele ya picha yako sebuleni nilikuwa nageuza macho kama mtoto aliyevunja sahani. Leo nimeweza kukuangalia. Jumamosi tumemaliza matanga yako huko Cheektowaga, kando ya Buffalo, na nimerudi Louisville nikiwa mwepesi, mpaka wenzangu ghalani wananiuliza kama nimepandishwa cheo. Ngoja nikueleze kwa nini. Lakini wewe ulipenda habari ianzie mwanzo, kwa hiyo naanza na Mzee Raymond.

Siku ulipopata kazi ya kumhudumia ulinipigia simu ukaniambia umepewa mzee mkubwa kama mlango wa kanisa, magoti yamekwisha, anatakiwa kuogeshwa na kuvalishwa, na kwamba zamani alicheza ule mpira wao wa Kimarekani, wa umbo la yai. Nikakuuliza alifunga mabao mangapi. Ukacheka sana. Ukasema huyu mpira wenyewe hakuugusa; kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya anayerusha na kuzuia watu wasimvunje. Miaka kumi na miwili anasukumana tu. Msimu mmoja aliumaliza na kidole kilichovunjika, amekifunga bandeji. Mara nne alichaguliwa kwenye kikosi cha nyota. Wewe hukujua sheria hata moja ya mchezo ule, ila sifa zake ulizijua zote kwa mpangilio. Kila asubuhi ulimtajia ukimsugua mgongo, vile ulivyotusomea sifa za ng'ombe wa babu tulipokuwa kambini Kigoma. Yeye akisahau moja, wewe unamkumbusha.

Halafu ikaja ile ya Columbus. Mpaka leo sijui nicheke au nijifunike uso.

Mzee alikuwa ameenda kukaa wiki mbili kwa binti yake anayeishi Hilliard, karibu na Columbus. Huyo binti akakupigia simu: Jumamosi watu watakusanyika Columbus, historia ya baba itasomwa, na sura yake imeshatengenezwa kwa shaba. Wewe ukasikia nini? Ukasikia msiba. Na sikulaumu, maana kwetu historia ya mtu inasomwa akiwa kwenye sanduku. Nani amewahi kusomewa yake huku anatafuna kuku? Ukanipigia unalia. Ukakusanya akina mama wanne wa kwaya, ukavaa suti nyeusi, mkaendesha kutoka Buffalo. Mimi nikatoka huku na sufuria la maharage na kitenge cha kujifunga kiunoni.

Tukaingia kwenye ule ukumbi wa hoteli, akina mama wakaanzisha wimbo wa maombolezo mlangoni, kwa sauti zile unazozijua. Na Mzee Raymond yuko mbele, koti la bluu, anakula keki. Kumbe ilikuwa sherehe ya kumtunuku, kama mchezaji wa zamani.

Ulikaa chini kwenye zulia, Baba. Ukumbi mzima ukatugeukia. Mimi nilitamani ardhi inimeze na sufuria langu. Yeye alipoelezwa alicheka hadi akapaliwa, kisha akaagiza tuletewe viti, na akawaomba akina mama wamalizie wimbo, wote, hadi ubeti wa mwisho. Ndipo zikasomwa sifa zake. Kidole, misimu, kikosi cha nyota. Yule mtu mkubwa alilia kama mtoto, na wewe hukuondoa macho kwake.

Nje kwenye maegesho uliniambia, "Goreti, yule amesikia. Sisi tunamsomea mtu asiyesikia."

Sikujua neno lile lingenisumbua hivi. Mwezi uliofuata ukaniomba, "Mwanangu, niandikie historia yangu, unisomee ningali na masikio." Nikakujibu usijichulie. Ukaniomba tena Pasaka, nikakukatiza, nikakuuliza kama umepima presha. Mara ya tatu ulikuwa kitandani hospitali, Buffalo. Sauti yako ilikuwa imepungua. Mimi nikawa mkali, unajua mdomo wangu. Nikasema Baba, acha hayo, nitakuja Ijumaa shifti ikiisha tuongee mambo ya maana. Ukasema, "Haya, mama." Ulikuwa unaniita mama ukishachoka kubishana.

Ukafariki Alhamisi.

Siku ya mazishi mchungaji alisoma historia yako, nzuri, ndefu, na wewe umelala pale. Kila sentensi ilinichoma. Sikumwambia mtu. Mume wangu hakujua. Mama alidhani nina huzuni tu ya kawaida, ananipikia uji. Nilikuwa nimekunyima kitu kimoja ulichokiomba mara tatu, kisichohitaji hata ruhusa kazini, kalamu tu na karatasi. Nilimwambia Mungu kila kitu isipokuwa hicho, kana kwamba hakioni.

Sasa Jumamosi. Watu wamekula, mchungaji anauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Raymond akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. Alisema, mchungaji akitafsiri, kwamba ile Jumatano, siku moja kabla hujafariki, ulimpigia simu aje. Ulimwambia binti yako ana kazi nyingi, yuko mbali, na hupendi kumsumbua, na kwamba yeye ndiye mtu pekee unayemjua anayeelewa shughuli hii. Akaja. Mchana mzima alikuuliza na kuandika. Kisha akamwomba nesi amsaidie kusimama, kwa sababu huko Columbus waliomsomea sifa walisoma wamesimama. Magoti yale, Baba. Na wewe ukaomba uvalishwe koti lako juu ya gauni la hospitali. Nesi alikuwepo, na dada anayepiga deki. Walipiga makofi.

Akatoa karatasi mfukoni akaisoma tena mbele yetu. Kwamba ulimbeba mama mkwe wako mgongoni siku tatu hadi mpakani. Kwamba ulifyatua matofali ya shule ya kambini na hukutaka jina lako liandikwe ukutani. Kwamba ulijifunza kuendesha gari na miaka hamsini na sita, kwenye theluji. Kwamba Raymond hajawahi kuanguka mikononi mwako hata siku moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nasema moyoni asante, alisikia, alisikia, hata kama si kwangu.

Akafika la mwisho. Akavua miwani, akanitafuta kwa macho. "Ana binti aliyekataa kuandika karatasi hii mara tatu, kwa sababu hakubali baba yake afe."

Alisema hilo ulimwomba alisome mara mbili.

Niliangusha sinia. Nililia kwa sauti, bila aibu, akina mama wakanishika, na kila nilipolia kifua kilifunguka kidogo. Baba yangu, ulinijua. Mimi nilidhani nimekunyima, kumbe wewe ulikuwa umeshaniweka kwenye sifa zako.

Mzee Raymond sasa anahudumiwa na kijana wa Kikongo. Nimempa sifa zote kwa mpangilio, asiruke kidole. Mama nimemleta huku kwangu. Jana nilimwambia nataka kuandika historia yake nimsomee mwenyewe. Nilitegemea atanigombeza. Badala yake akasema nisianze na ndoa yenu, nianze na shamba lake la maharage kambini, ambalo wewe hukulilima hata tuta moja.

Kwa hiyo pumzika, Baba, usinisubiri tena na neno lile. Nakuahidi hakuna wa kwetu atakayeondoka bila kusomewa. Naweka kalamu hapa, maana Mama ameshavaa kitenge chake kizuri, amekaa wima kwenye kochi, anauliza mbona sisimami.

Binti yako,
Goreti