Chungwa Kando ya Sikio Lako

Baba yangu, uliyeniita Mwalimu,

Kesho asubuhi nina miadi kwenye kliniki ya macho, na naogopa. Nimeona nikwambie wewe kwanza. Mume wangu atasema tusubiri daktari aseme, na Mama nikimpigia simu hatalala. Wewe huwezi tena kukosa usingizi kwa ajili yangu. Isitoshe, jambo hili ni letu wawili tangu ile jioni ya chungwa, kule mtaani Ziwani, Nairobi.

Nilikuwa darasa la saba, mwaka ule wa tisini na saba, mwezi wa tisa. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba mwezi utapatwa wiki hiyo, tena jioni, na kila mtu angeuona kutoka mlangoni pake. Nilirudi nyumbani maneno yamenijaa hadi shingoni. Nilikariri sayari nikiosha vyombo, Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, mpaka Mama akauliza kama hao ndio wenzangu wa darasani. Wewe ulikuwa umeketi kwenye stuli yako unajikanda magoti. Uliendesha basi la kiwanda, lile la kuwachukua wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, na ulikuwa ukitoka nyumbani kabla hata jogoo wa jirani hajapata sauti.

Ulisema, "Nifundishe na mimi, Mwalimu. Shule niliiacha kabla ya kufika huko kwa mwezi."

Basi nikazima stima, nikawasha taa ya mafuta na kuiweka mezani. Taa ilikuwa jua. Kichwa chako kilikuwa dunia. Mwezi ulikuwa chungwa nililoruhusiwa na Mama kwa sharti kwamba lingerudi likiwa halijaminywa. Nililipitisha kati yako na taa, kivuli chake kikakuangukia puani, nikakwambia hivyo ndivyo jua linavyopatwa. Kisha nikalipeleka nyuma ya kichwa chako, likaingia kwenye kivuli chako na kuwa jeusi, nikakwambia hivyo ndivyo mwezi utakavyopatwa wiki hii.

Uliuliza kwa nini basi mwezi hauliwi kila mwezi. Nilifurahi sana kwa swali hilo, maana mwalimu alikuwa amelijibu siku hiyohiyo. Nikakuonyesha kwamba njia ya mwezi imeinama kidogo, kwa hiyo mara nyingi hupita juu ya kivuli au chini yake, na siku chache tu ndipo hukiingia. Ulitikisa kichwa kama mzee wa kanisa anayekubaliana na mahubiri. Nikakugonga bega kwa rula, nikakukumbusha kwamba dunia haitikisiki ovyo.

Halafu nikataka kukuonyesha mwezi unavyochomoza. Nikakwambia uitazame taa tu, usigeuke, na ukiuona mwezi useme. Nikaanza nyuma ya sikio lako la kushoto, nikawa nalisogeza chungwa polepole.

"Bado," ulisema.

Likapita sikio. Ukasema bado. Likapita pembe ya jicho, mkono wangu ukawa karibu kufika mezani, nawe bado uliitazama taa kwa utulivu kabisa. "Bado, Mwalimu. Huu mwezi wako umelala?"

Nilicheka. Wewe ulikuwa mtu wa mzaha, na nilidhani unanichezea. Nikahamia upande wa kulia, ikawa vilevile. Chungwa lilipokaribia kugusa kioo cha taa ndipo uliposhtuka na kusema hapo. Hukuwa unacheka. Ulisema mwanga wa taa unakuumiza, tena ni saa ya kula.

Baada ya chakula nilijijaribu mwenyewe. Niliikazia macho taa na kulileta chungwa kutoka nyuma. Nililiona mara tu lilipopita sikio. Nikarudia upande wa pili, nikaliona. Kisha Mama akalichukua, akalimenya na kutugawia. Nilikula vipande vyangu bila kuonja utamu wake.

Tangu hapo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwangu bila kuniuliza. Ile stuli uliyokuwa ukiipiga teke kila jioni, na huku hakuna aliyeihamisha. Kile kioo cha pembeni cha basi kilichovunjwa na mkokoteni, ukaja ukilalamika kwamba watu wa Nairobi siku hizi wanatokea tu, hujui wametoka wapi. Tulikuwa tukicheka ukisema hivyo. Mama alikuwa akikuiga.

Jioni ya kupatwa, mtaa mzima ulitoka nje. Mama peke yake alikataa, akasema mwezi atautazama ukishapona. Mimi na wewe tulisimama kwenye uwanja karibu na bomba la maji. Mama Wafula, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa amewafunika watoto wake kwa leso, akiomba kwa sauti. Vijana wa kona walijifanya hawaogopi. Mmoja aliuliza, "Wasee, nani ameuma hii mwezi?" Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa sababu kweli ulikuwa umeumwa, upande mmoja, na kipande kilichobaki kilikuwa kikipungua. Mahali fulani mtu alianza kupiga sufuria.

Wewe ukasema kwa sauti ya kusikika, "Tulieni. Mwalimu wangu ako hapa."

Nikawaeleza, Baba. Mtoto wa darasa la saba, watu wazima wakanisikiliza. Niliwaambia hicho ni kivuli chetu wenyewe, cha dunia tunayoikanyaga, na ndiyo maana ukingo wake ni wa mviringo. Mwezi ulipozama wote kivulini na kugeuka rangi ya kutu, nikawaambia ule wekundu ni mwanga wa macheo na machweo ya dunia nzima, unaopinda kwenye hewa na kuufikia mwezi. Mama Wafula alifungua jicho moja. Nilijiona mkubwa sana.

Kisha nikakuonyesha nyota kubwa juu kabisa, karibu na utosi. Nikakwambia hiyo ndiyo Mshtarii, ina miezi yake mingi, nayo pia hupatwa. Uliinua uso. Kichwa chako kikawa kinahama polepole, hapa, kisha pale, kama mtu anayetafuta shilingi kwa tochi yenye betri zilizochoka.

"Naiona," ulisema. Ulikuwa umeukazia macho ukingo wa paa la Mama Wafula.

Uwanja sasa ulikuwa giza. Ukauliza, "Mwende, uko wapi?" Nami nilikuwa hapo hapo, ubavuni kwako, shati lako likinigusa shavu. Ulinyoosha mkono kunitafuta, ukaupeleka upande usio na mtu. Nikaushika. Tulirudi nyumbani hivyo, umenikamata bega kwa nguvu iliyoniumiza, mguu wako ukipapasa kutafuta mtaro uliokuwa ukiuruka tangu kabla sijazaliwa. Mlangoni ukasimama.

"Umejua," ulisema.

Niliushika tena mkono wako.

"Mbele naona sawa. Kando ndiko kumeliwa."

Nikakwambia nilichowaambia watu wote uwanjani, kwamba kivuli hupita, na kwamba baada ya muda mfupi mwezi ungerudi mzima.

"Na kisipopita?"

Hilo halikuwa kwenye somo letu. Ukaniomba nisimwambie Mama, nikakuahidi, ukasema utatafuta kwanza kazi nyingine, ya kukaa mahali pamoja. Ukaingia ndani na kumsifia Mama ugali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa asubuhi zilizofuata. Nilikuwa naamka kabla yako. Nilikusikia ukichukua ufunguo wa basi kwenye msumari karibu na mlango, nikajifunika uso. Nilikuwaza ukikata kona gizani na basi limejaa watu waliosinzia wakikuamini wewe. Niliwaza mtoto anavuka kutoka kando, kule kulikoliwa. Darasani nikisikia king'ora mbali, mkono wangu uliacha kuandika. Ukirudi jioni nilikukagua viatu, suruali, uso, nikitafuta alama ya jambo ambalo hukutaka kutuambia. Nawe ulinikonyeza tu, ukaniuliza Mwalimu ameshindaje.

Mama ndiye aliyelimaliza, bila kujua. Majirani walikuwa wamemsifia binti yake, akaona wivu kwamba yeye ndiye hakuona kitu. Jumapili jioni akaleta taa na chungwa mwenyewe. "Haya, nami nifundishwe," alisema. "Baba Mwende, kaa kwenye stuli uwe dunia yangu."

Usingeweza kukataa bila sababu, na sababu ndiyo hiyo uliyoificha. Ukaketi. Ukaikazia taa macho. Mimi nilisimama nyuma ya bega lako, chungwa mkononi, na mkono ukakataa kuinuka. Mama alikuwa ameketi mbele yako akitabasamu, akisubiri. Nilimwahidi Baba, nilijiambia. Nikilinyanyua, atasema bado, na Mama ataona. Nisipolinyanyua, ataamka kesho na kuuchukua ufunguo. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Wewe ulinisikia nimetulia na ukadhani nimeshaanza. Pengine uliona umechelewa kujibu.

"Huo hapo," ulisema. "Nimeuona."

Mama aliacha kutabasamu. Alitazama chungwa lililokuwa bado limening'inia na mkono wangu, chini, kando ya paja langu. Akakutazama wewe. Ukaongeza, kwa ile sauti yako ya furaha, kwamba leo mwezi umechomoza mapema.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akapunga mkono taratibu upande wa jicho lako la kushoto, kisha wa kulia, nawe ukaendelea kuitazama taa. Kisha akaenda mlangoni, akautoa ufunguo kwenye msumari na kuufunga kwenye pindo la leso yake. Uliusikia mlio wake.

"Mama Mwende, nipe kesho tu," ulisema. "Kesho moja, nikawaage vizuri."

"Hata hiyo kesho, hapana."

Nililia mimi. Wewe ulinivuta ukanipakata, msichana mkubwa vile, ukaninong'oneza kwamba umefeli mtihani wa mwalimu wako mwenyewe. Shavu lako lilikuwa limelowa. Sikuwahi kukwambia jinsi nilivyolala usiku huo, Baba. Nililala kama mtoto mchanga. Niliamka kukishakucha, nikakuona umelala upande wako wa kitanda, jua likiingia dirishani, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Hospitali walituambia ni presha ya macho, kwamba kilicholiwa hakirudi, ila matone yangeweza kulinda kilichobaki. Yalikulindia hicho kwa miaka mingi kuliko tulivyotarajia. Kiwanda kilikupa kazi getini, ukawa unawatambua watu kwa hatua zao. Baadaye ulipobaki na giza tupu, usiku wa anga safi uliniuliza Mshtarii iko wapi leo, nikakushika kidole na kukielekeza, ukasema "Naiona," na safari hiyo tulicheka wote.

Daktari alisema tena jambo moja, ambalo Mama alinikumbusha mara kwa mara, kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, na watoto wapimwe. Nilipimwa nikiwa chuoni, nikaambiwa niko salama, nirudi kila mwaka. Nilirudi mwaka mmoja. Kisha ndoa, kazi, watoto, kuhamia huku Njiru. Kila mwaka niliogopa kidogo zaidi ya mwaka uliopita, na nikaiita hofu hiyo shughuli nyingi.

Wiki iliyopita niligonga nguzo ya geti letu na gari. Mume wangu alitoka mbio. Nikamwambia, "Hii nguzo imetokea wapi?" Nikaisikia sauti yako kinywani mwangu, nikabaki nimeushika usukani, siwezi kushuka.

Ufunguo nimempa yeye. Sikumweleza kwa nini, nilisema gari lina shida. Na leo jioni, kabla ya kukaa kukuandikia, nilizima stima sebuleni, nikawasha mshumaa, nikachukua chungwa. Nilimwita mwanangu wa pili, aliyepewa jina lako, ambaye kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Baba. Yuko umri niliokuwa nao mimi. Nilimwambia tucheze mchezo wa babu yake. Nikaketi, nikaukazia macho mshumaa, naye akasimama nyuma yangu.

"Ukiuona mwezi, sema," aliniambia.

Nilisikia nguo yake ikichakarika. Nilisikia harufu ya ganda la chungwa, karibu sana, upande wa kushoto. Nilijua kabisa ni wapi lilipo. Neno lako lilinijia ulimini, Baba, lile "nimeuona" la Jumapili ile, na lilikuwa jepesi. Ningelisema, mtoto angefurahi na kwenda kulala, na kesho ningepata sababu ya kutokwenda kliniki. Sasa najua kwa nini ulilisema. Niliogopa kama ulivyoogopa.

Aliuliza tena, safari hii sauti yake imebadilika. "Mama, umeuona?"

"Bado, Baba," nilisema. "Bado."

Pumzika. Kesho nitakwenda kliniki, na kidole changu kitashikwa na mtu mwingine, kama nilivyokishika chako.

Binti yako, ambaye bado ni mwalimu wako