Niliwaambia Bado Nalima

Jumatano, alasiri. Mvua ilianza tukiwa mjini na bado haijakoma. Niko Buhembe, sebuleni kwa dada yangu, nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

Kama mgonjwa! Ona ninavyoandika. Mimi ni mgonjwa.

Blogu hii niliianzisha ili niandike habari za migomba na kahawa ya kwetu Ijumbi. Leo sina la migomba. Nina aibu, na sijui pa kuiweka.

Kwa msionijua, nilikuwa fundi wa mapaa. Kwa miaka mingi kampuni moja ya ujenzi ilitutuma huku na huku, Bukoba na Muleba, kubomoa mapaa ya zamani ya asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Tuliyakata kwa msumeno, tukayavunja kwa nyundo, vumbi likatuganda hadi kwenye kope. Hatukupewa kinga, wala hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lile lina madhara. Miaka ikapita, pumzi ikaanza kuniishia. Nilidhani ni TB. Daktari akasema hapana, mapafu yana makovu ya vumbi la asbesto, na makovu hayo hayaponi.

Mimi na wenzangu tunadai fidia. Anatusimamia wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mpole, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha usuluhishi. Wenzangu walikwisha kueleza kazi tuliyoifanya. Likabaki jambo moja: ugonjwa umetuathiri kiasi gani. Wakaanza na mimi.

Msuluhishi akaniuliza kwa heshima, "Mzee, siku hizi unaishije? Kazi gani zimekushinda?"

Wakili alikuwa amenitayarisha kwa swali hilo. Lakini upande wa kampuni alikaa msimamizi wetu wa zamani, yule aliyekuwa akiniita Simba kwa jinsi nilivyokuwa napanda mapaa, akinitazama. Na nyuma yangu alikaa Adventina, mke wa mwanangu. Ndiye aliyenisindikiza, maana mume wake yuko kazini Mwanza na mke wangu alishafariki.

Nikasema, "Namshukuru Mungu. Nakohoa kidogo tu. Kibanja changu bado nalima mwenyewe."

Uongo mtupu.

Wakili wangu akaacha kuandika. Mwanasheria wa kampuni akatabasamu, akasema basi hapa hakuna mgonjwa.

Hapo Adventina akasimama, akaomba kusema. Msuluhishi akamruhusu.

"Baba mkwe wangu halimi. Kibanja nalima mimi," alisema. "Analala ameketi, kwa sababu akijinyoosha hapati pumzi. Juzijuzi alianguka bafuni. Ni mimi niliyemfunga kanga nikambeba hadi kitandani."

"Adventina, nyamaza!"

Nilitaka kufoka, sauti ikakatika katikati, nikaanza kukohoa hadi machozi yakanitoka. Naye alikuwa analia. Akasema, "Tata, baba yangu, nikinyamaza utakufa huku wanakusifu."

Nilivyolelewa mimi, mkamwana na baba mkwe hawagusani hata mikono. Habari ya bafuni hatukuwahi kuizungumza. Kesho yake alinisalimia amepiga magoti kama kawaida yake, nami nikaitikia kama kawaida yangu, na moyoni nikamshukuru kwa kujifanya hakuona kitu. Leo ameitoa mbele ya wanaume wageni.

"Mzee," msuluhishi akauliza taratibu, "anayoyasema mkweo ni kweli?"

Nilitazama sakafu. Nilisikia kifua changu kikikoroma, na nikajua wote wanakisikia.

"Ni kweli," nikasema.

Ikaandikwa kwamba nimesahihisha maelezo yangu. Msuluhishi akaagiza sote tupimwe na madaktari wasio wa upande wowote, kisha kikao kiendelee. Si ushindi, ila mlango haukufungwa. Tulipotoka nje wakili alinivuta pembeni. "Mzee, bila huyu binti ungejiangusha mwenyewe, na wenzako wote ungewaangusha."

Wenzangu walikuwa wamesimama barazani wakingoja mvua ipungue. Mmoja wao hawezi tena kumaliza sentensi bila kupumzika. Nilipita mbele yao bila kuinua macho. Kwa ajili ya kuitwa Simba, nilikuwa tayari kuwauza.

Lakini hata hiyo si aibu yenyewe.

Tulipofika hapa nyumbani, Adventina aliniletea chai, akapiga magoti. Alisema, "Tata, nisamehe. Nimekuvua nguo mbele ya watu."

Nami nikainamisha kichwa kidogo, kama mzee mwenye busara anayesamehe kosa. Nikapokea kikombe. Akaondoka.

Nilimwacha aombe msamaha! Yeye anayelima, anayechota maji, anayeamka nikikohoa. Mimi niliyesema uongo nikakaa hapa na kikombe changu, nimesamehe.

Nimejiuliza tangu saa ile ni kitu gani hasa ninachokilinda. Nguvu zilishaondoka, na watu wote wa Ijumbi wanajua. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

Yuko jikoni na dada yangu, wanamenya ndizi. Kutoka kiti hiki hadi kule itabidi nishike ukuta, nipumzike njiani, na watoto wa dada wataniona ninavyohema.

Waone. Naenda kumwambia kwamba aliyekosa ni mimi.