Tunda la Mwegea

Kambini, karibu na Robanda
12 Septemba 2023

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi hauji. Mtandao haushiki huku, barua nimempa dereva.

Nelson bado hajaonekana. Wenzake aliokwenda nao kuwinda wanasema mvua ilinyesha mbali, maji yakaja ghafla wakiwa wanavuka mto. Wao walishika mizizi. Sasa mto umekauka tena, umebaki madimbwi, kana kwamba haukufanya kitu.

Leo tangu alfajiri nimetembea mchangani nikikusanya konokono na vyura kwa utafiti wa chuo, huku namtafuta mdogo wangu. Kambale wamesongamana kwenye dimbwi moja, ndege wanawadonoa bila haraka. Nikakuta nyayo za mamba. Nikazipima, maana ndiyo kazi yangu, kisha nikashindwa kuandika. Jioni niliokota tunda la mwegea, lile refu mnaloliita yago. Nitakuja nalo likizo.

Binti yako,
Felista

Kemambo
20 Septemba

Nyathina, mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Tunakula tukikumbuka.

Hilo tunda litupe. Umesoma mpaka umesahau kwenu? Sisi Wajaluo mtu akipotelea majini mwili usipatikane, tunazika yago badala yake. Unataka kuniletea maiti ya Nelson mlangoni, na mimi kila jioni namfunikia ugali wake? Baba yako mdogo Joel ananiambia nianze kulia, watu waje msibani. Nimemwambia akalie kwake.

Acha vyura. Tafuta mtoto.

Mama yako

Kambini
3 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Tunda nililitupa. Leo nimepata koti lake la kijani, lile ulilolishona kiwiko kwa uzi mwekundu. Lilinasa kwenye mizizi, penye kina, wanakokaa mamba wakati wa kiangazi. Miaka mitatu nawasoma wanyama hawa, Mama. Ukiniuliza nitakujibu. Naomba usiniulize.

Koti nimelifua.

Binti yako,
Felista

Kemambo
19 Oktoba

Felista,

Nipo. Ungeliacha bila kulifua.

Joel amechimba kaburi leo, nje ya uzio, mahali pa kijana asiyeoa. Njoo na tunda, na koti tulivike. Chagua refu, koti lisije likapwaya.

Mama yenu