Ile Pawa Saplai Uliyoipima kwa Mkono

Baba,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki. Kwa sasa nina hasira na wewe, na kwa vile huwezi tena kuniambia, kwa lile jina lako la kunibembeleza, "Mayi, punguza sauti, majirani wanasikia," leo utanisikiliza mpaka nimalize.

Nimeifungua. Ile pawa saplai yako nzito, lile sanduku la chuma linalogawia kompyuta stima, nimeifungua hapa Kitale kwenye meza yangu ya kazi, mbele ya wateja wawili. Unajua kilichokuwa ndani? Saruji, Baba. Donge la saruji lililopakwa rangi nyeusi na kubandikwa kwa gundi kwenye bati. Kando yake vitu viwili vitatu vimeungua, na waya nyembamba kama nyuzi za kushonea. Mteja mmoja alicheka akasema hawa watu wa biashara watatumaliza. Mimi nilienda nyuma ya duka nikalia.

Wacha nikukumbushe tulianzia wapi, maana ulikuwa hodari wa kusahau mambo yasiyokupendeza. Mama alipofariki, tulibaki na kaseti kumi na moja za sauti yake. Ulikuwa umemrekodi miaka mingi, akianzisha nyimbo kanisani, akiimba jikoni huku akikoroga uji, na mara nyingine akikufokea kwa kumrekodi bila ruhusa. Redio ilikuwa imeanza kuzitafuna hizo kaseti. Ukanipigia simu ukasema, "Nasimiyu, wewe si fundi wa kompyuta? Mtoe mama yako humo ndani kabla hajaisha." Hukuwahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo. Ulikuwa ukiwaambia watu ati nafanya kazi "pale kwa mashine".

Nikaanza kuleta vipande kutoka Kitale kila nilipokuja nyumbani Kabuchai. Kasha lililobonyea upande, diski iliyotumika, skrini yenye mstari mmoja wa kijani. Tukaiunganisha juu ya meza ya kulia, wewe umeshika bisibisi kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Ilipowaka ulipiga makofi. Tundu la spika za masikioni la redio yako lilikuwa limekufa zamani, kwa hivyo tuliweka maikrofoni mbele ya redio, tukamrekodi Mama wimbo mmoja, tukausikiliza.

Mama alikuwa anaimba ndani ya kinu cha posho! Feni ya pawa saplai ilikuwa inanguruma kutoka mwanzo wa wimbo mpaka amina. Ukanitazama ukasema, "Huyu ni nani anasaga mahindi na mke wangu anaimba?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo nilikupenda sana, na nakuambia hivyo hata katikati ya hasira hii.

Basi tukawa tunatafuta pawa saplai iliyo kimya na ya kutegemewa. Kimya, Mama asikike. Ya kutegemewa, maana stima ya kwetu unaijua, inapotea mara tatu kwa siku na ikirudi inarudi kwa nguvu kama ng'ombe aliyekata kamba. Mimi nikakuletea moja kutoka Kitale. Ilikuwa ndogo, nyepesi, imechakaa rangi, imetolewa kwenye mashine ya ofisi iliyofanya kazi miaka na miaka. Feni yake ilikuwa pana, inazunguka polepole. Niliiwasha dukani kutwa nzima, nikaweka sikio, nikaweka pua, nikaweka kiganja. Haikupata joto wala kunuka.

Wewe ukaichukua kwa mkono mmoja, ukaipandisha na kuishusha, ukasema, "Hii ni kikapu."

Kosa la kwanza ni langu, nakubali. Mimi ndiye niliyekuwa nimekuambia, mwanzoni kabisa, kwamba pawa saplai nzuri huwa nzito kwa sababu ya shaba na vyuma vilivyo ndani. Nilisema mara moja tu, tukinywa chai. Wewe uliyekuwa ukinunua kuku sokoni Chwele kwa kuwanyanyua kwa mabawa, mmoja huku mwingine kule, ukaona sasa umepata elimu yote. Ukaenda Bungoma peke yako, ukamwambia mwenye duka akupangie zote juu ya kaunta, ukazipima mbili mbili kwa mikono. Ulinisimulia mwenyewe kwa furaha. Yule mtu akakuambia, "Mwalimu, wewe huwezi kudanganywa, unajua kuchagua." Si ndivyo? Angekuambia nini kingine, na saruji yake umeikumbatia?

Nilipoiona nilikuambia waya zake ni nyembamba. Nilikuambia feni inajikokota. Ukasema ndiyo maana iko kimya. "Sikia, Mayi, hata haipumui." Nilipozidi kusema ukanyamaza ule unyamavu wako wa darasani, nami nikajua nikiendelea nitakuwa mtoto asiye na heshima. Nikafunga skrubu nne kwa mkono wangu huu. Miaka kumi nafanya kazi hii, Baba. Watu wanakuja kutoka Kapsokwony kuniletea mashine zao. Lakini kwako neno la mtu usiyemjua wa Bungoma lilikuwa na uzito kuliko langu.

Na kweli ilikuwa kimya. Tulimwingiza Mama mzima, kaseti zote kumi na moja, kwa wiki mbili za likizo yangu. Sauti ikatoka safi, mpaka ule mlio wa mwiko kwenye sufuria ukasikika. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo nitakufa nalo. Nilikuambia, "Mama sasa yuko salama. Hizi kaseti zifanyie unachotaka." Hata sikuchukua nakala ya kwenda nayo Kitale. Nilisema nitachukua Krismasi, nikapanda gari nikarudi kazini.

Kila Jumapili nilikupigia. "Kompyuta inaendeleaje?" "Inaimba tu," unasema. "Namsikiliza mama yako baada ya kanisa." Kila Jumapili, Baba! Miezi minne! Kisha mahindi yakiwa yanavunwa wakanipigia kwamba presha imekuangusha shambani, na nilipofika ulikuwa umekwisha kwenda.

Baada ya mazishi wazee walikaa kugawa vitu vyako. Koti lako la kanisani lilipewa kiongozi mpya wa kwaya. Redio na kaseti zikapewa Baba Mdogo Wanjala, aende nazo Sirisia, maana ndiye aliyekuwa akiimba besi pamoja nawe. Kuhusu kompyuta mzee mmoja alisema, "Mpeni huyu fundi," watu wakacheka kidogo. Nikaiondolea kile kitambaa chako cha maua. Waya wa nyuma ulikuwa umekatwa. Plagi yake niliipata kwenye pasi. Yaani ulikata plagi ya kompyuta ya Mama ukatengenezea pasi.

Baba Mdogo ndiye aliyeniambia, akitazama miguu yake. Pawa saplai yako ilipasuka msimu wa kupalilia, stima iliporudi, moshi ukajaa sebuleni, mkakimbia nje. Akakuambia, "Mpigie Nasimiyu." Ukamjibu, "Usithubutu. Atanicheka."

Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka siku mbili, kisha ningekuja na ile pawa saplai yangu nyepesi, na labda ningeokoa kitu. Diski nimeipeleka kwa kila fundi ninayemjua. Inagonga tak, tak, tak, basi. Haikufa pawa saplai peke yake, Baba; ilikwenda na diski iliyombeba Mama. Siku ile ile, nilipomaliza kumsikiliza Baba Mdogo, nilimwuliza jambo moja tu: kaseti ziko vipi? Akakwepa macho yangu tena.

Nilikwenda Sirisia Jumamosi iliyofuata. Nilikaa kwenye kiti chake kutoka asubuhi, nikaziweka moja baada ya nyingine. Ya kwanza, wewe, unafundisha besi. Ya pili, wewe. "Rudia hapo, besi, msivute kama mnalala." Ya tatu, ya nne, wewe, wewe, unakohoa, unahesabu, unawagombeza watu wa safu ya nyuma. Ulikuwa umerekodi mazoezi ya kwaya juu ya Mama, kaseti baada ya kaseti, kwa sababu mimi nilikupa ruhusa na wewe hukupenda kutupa kitu. Kufikia ya saba nilikuwa nakuchukia. Nilimwambia Baba Mdogo hivyo, naye akaniletea chai.

Ilikuwa ya tisa. Ulimaliza mazoezi mapema, ukasema, "Inatosha, twende nyumbani." Kitufe kikalia ka! Nikanyoosha mkono kuizima, ndipo nikamsikia. Wimbo unaishia, nusu ya mstari wa mwisho, halafu mwiko kwenye sufuria, halafu yeye mwenyewe: "Baba Nasimiyu, si uzime sasa, wimbo umeisha." Na kile kicheko chake cha puani. Kisha utepe ukakwisha.

Ndicho kilichobaki, maana hata ya kumi na ya kumi na moja ulikuwa wewe. Baba Mdogo alilia pamoja nami, na kaseti ile akaniachia.

Ile pawa saplai nyepesi niliikuta kwako juu ya kabati, umeiviringishia gazeti vizuri, umefunga na kamba. Hukuitupa. Sijui kama ulikuwa unasubiri kiburi kikuishie au ulisahau tu, na nimechoka kukisia. Nimeifunga kwenye kompyuta pamoja na diski nyingine, na imewaka. Iko kimya, Baba. Lazima uweke sikio ndio uisikie.

Ahadi yangu ni hii. Maneno yale ya Mama nitayaweka mahali patatu, Kitale, Kabuchai na Sirisia, na sitamwambia mtu tena kwamba kitu kiko salama kwa sababu nimekinakili mara moja. Mazoezi yako ya besi sitayafuta. Nilitaka kuyafuta, lakini ukitangulia wewe ndipo Mama anakuja, na sijui kumfikia bila kupitia kwako.

Zile salamu, basi: lala salama, Baba. Msalimie, na umwombe msamaha kwa niaba yetu wawili. Vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, vinavyoruhusu redio kurekodi juu yake, leo nimevivunja kwa bisibisi yako.

Mwanao, fundi,
Nasimiyu