Hakimu Alisema Mkapatane

Tarehe 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na mama, bado anaficha chumvi ukikaribia jikoni? Mimi ni mzima, ila viatu vya kazini vinaniuma hadi naona aibu kutembea. Naandika kwa sababu kwenye simu unaniuliza "Nani?" mara tano. Filimbi za urefa za miaka thelathini zimekumaliza masikio, baba, kubali tu.

Kazi nimeianza: mkalimani wa mahakama, miezi mitatu ya majaribio. Chumba ni kidogo, feni inalalamika, na meza yangu ina mguu mmoja mfupi niliouwekea karatasi. Hakimu ni mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Yeye anasema Kiingereza tu, watu wanasema Kiswahili, na mimi niko katikati.

Kumbe Kiingereza kina maneno ya kuamua mengi kama duka la vifungo! "Decide" halina shida, ni kuamua, kichwa kimoja kinatosha. "Judge" ni kuhukumu, lakini hata jirani anayekutazama nguo juu mpaka chini naye anafanya hiyo hiyo. "Determine" linanitoa jasho: leo lina maana ya kuchunguza mpaka ukweli ujulikane, kesho ni mtu aliyekaza nia hata umpige rungu habadiliki. Na "settle" ndilo kinyonga kabisa. Ni kutulia, ni kuhamia mahali, ni kumaliza jambo.

Jana nilipata kesi yangu ya kwanza. Ndugu wawili wa kike, mafundi wa magauni ya harusi, mama yao kafariki na kuwaachia chumba cha kushonea na cherehani nne. Kila mmoja anataka viwe vyake. Hakimu akawaambia wa-"settle" wenyewe ndani ya wiki mbili, kabla yeye hajalazimika ku-"decide". Nikasimama wima, nikasema kwa sauti yangu ya redio: "Hakimu anataka mkaamue wenyewe, kabla yeye hajaamua." Wakaitikia kwa vichwa. Nilijiona mkubwa!

Msalimie mama.
Mwanao, Kasuku

Tarehe 11 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Goti linapanda ngazi ila kushuka linagoma. Chumvi imehamishiwa kwenye kopo la majani ya chai. Nimeshaliona, ila usimwambie mama yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mama yako akacheka kwenye lile duka la vifungo. Lakini kuna mahali pamenikwaruza. Mimi Kiingereza changu kinaishia "offside", kwa hiyo nisahihishe. Huyo hakimu aliwaambia waamue, au wapatane?

Nakuuliza kwa sababu uwanjani mimi niliamua, sikupatana na mtu. Mpira umetoka, umetoka. Lakini wachezaji wawili wakishikana mashati, sikuwaambia "amueni". Wangeamua kwa ngumi! Niliwaambia "peaneni mikono". Kuamua anaweza mtu mmoja akiwa amelala kitandani kwake. Kupatana lazima muwe wawili na mtazamane.

Labda nakosea. Refa mstaafu hana kazi ila kutafuta makosa.

Baba yako

Tarehe 19 Machi

Baba,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuruka salamu nyingine. Barua yako imefika siku moja baada ya maji kumwagika.

Jana wale ndugu wamerudi. Hakimu akauliza wamefikia wapi.

Dada mkubwa akasema, "Mimi niliamua kama nilivyoambiwa. Nimebadilisha kufuli."

Mdogo akadakia, "Na mimi niliamua. Kabla hajabadilisha nilikuja na mkokoteni, nikachukua cherehani zote."

"Mwizi!"

"Hakimu si ndiye alisema tuamue?"

Sasa mmoja ana chumba bila cherehani, mwingine ana cherehani zimepangwa kwenye kibaraza zinapigwa vumbi, na kuna mabibi harusi sita wanaosubiri magauni. Nilitafsiri kila neno. Hakimu alivua miwani. Kwa macho yake, wamelidharau agizo lake mbele ya uso wake. Amesema Alhamisi ijayo atawaadhibu wote wawili, na chumba pamoja na cherehani vitafungiwa mpaka kesi iishe. Hilo laweza kuchukua mwaka.

Na hawakudharau chochote, baba! Walifanya nilichowaambia mimi.

Nilimfuata mkuu wetu wa wakalimani. Ni mtu mwema, alininunulia hata chai. Akaniambia, "Binti, uko kwenye majaribio. Mkalimani akisimama kusema alikosea, kesho nani atamwamini? Hakuna aliyegundua. Nyamaza, jifunze, songa mbele."

Nimekuwa nikitembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni. Kazi hii niliitafuta miaka miwili. Niambie nifanye nini.

Mwanao, Kasuku

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima.

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana. Kukuamulia siwezi, na nitakwambia kwa nini. Ulikuwa na miaka kumi siku ya ile fainali, ukala embe bichi ukaumwa tumbo, hukuwepo. Ilibaki dakika moja. Mpira ukapigwa, beki mmoja akaruka, jua likaniingia machoni. Sikuona kitu. Watu wakapiga kelele "Kanawa! Kanawa!" nami nikapuliza penalti. Goli. Timu yake ikafungwa. Yule kijana alinijia akilia, akaapa kwa mama yake kwamba mpira haukumgusa mkono. Nikamwonyesha kadi nyekundu.

Mpaka leo watu wanamwita Mkono. Ana karakana ya pikipiki nyuma ya soko. Miaka kumi na minne mimi nazunguka mtaa wa pili ili nisipite mbele yake. Mama yako anadhani napenda mazoezi.

Kwa hiyo usimuulize baba yako jinsi mtu anavyorudi uwanjani kusema "nilikosea". Sijawahi. Ninachojua ni jinsi inavyokuwa usiporudi.

Baba yako

Tarehe 27 Machi

Baba yangu,

Shikamoo sana! Barua yako nimeikuta leo mlangoni, na Alhamisi ilikuwa jana. Haikunisubiri.

Niliingia mahakamani nikiwa nimeazimia kunyamaza. Kweli kabisa. Kisha nikawaona wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja mwisho wake, na dada mkubwa ana pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Amesahau kuzitoa. Mdogo naye anazo, pale pale. Nadhani mama yao aliwafundisha hivyo.

Hakimu akafungua faili. Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, kabla hujaendelea, kosa ni langu." Nikaeleza. Kwamba yeye aliwaambia wapatane, mimi nikawaambia waamue. Wao walitii.

Mkuu wangu, aliyekaa nyuma, akajifunika uso kwa gazeti.

Hakimu akaniuliza, "Na wao wanajua?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi waambie."

Nikawageukia. "Dada zangu, hakimu hakusema mkaamue. Alisema mkapatane. Mimi ndiye niliyekosea, mnisamehe."

Mdogo akanitazama, akamtazama dada yake. "Kumbe nilisukuma mkokoteni mtaa mzima, tairi limepasuka, kwa sababu ya neno moja?"

Dada mkubwa akasema, "Na mimi kufuli lenyewe nimepoteza ufunguo."

Mdogo akaanza kucheka. Dada mkubwa akabana midomo, akashindwa. Walicheka hadi askari wa mlangoni akaingia kutazama kuna nini. Hakimu akawapa saa mbili wakakae kwenye korido. Nilienda nao, lakini hawakunihitaji. Walibishana, walilia kidogo, wakachora kwenye bahasha. Mkubwa anakata vitambaa, mdogo anashona, chumba ni kimoja, funguo mbili. Mabibi harusi kwanza.

Hakimu aliposoma ile bahasha alisema "settled". Nikasema, "Wamepatana." Safari hii nililitamka polepole kama mtu anayevuka daraja la mti.

Mkuu wangu hakunifukuza. Majaribio yameongezwa mwezi mmoja, na nimepewa adhabu: niandike orodha ya maneno yote ya namna hii, kila moja na mfano wake, kwa ajili ya wakalimani wapya. Naipenda adhabu hii kupita kiasi.

Baba, sikuhukumu. Nauliza tu: hiyo karakana inafungwa saa ngapi?

Mwanao, Kasuku

Tarehe 30 Aprili

Kasuku,

Marahaba, na samahani kwa mwezi mzima wa kimya. Tuko salama.

Wiki tatu nilipita mbele ya karakana na kurudi. Jumatatu nikaingia. Mkono alikuwa chini ya pikipiki, miguu tu inaonekana. Nikaiambia ile miguu, "Bwana, mimi ni yule refa. Siku ile sikuona kitu. Nilipuliza kwa sababu ya kelele. Miaka yote nazunguka mtaa wa pili ili nisikutane nawe. Nimekuja kuomba radhi."

Miguu ikatulia. Kisha akatoka, akafuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Refa," akasema, "mpira ulinigusa."

"Wapi?"

"Hapa." Akaonyesha kiganja. "Niliapa mbele ya timu nzima, basi nikawa sina pa kurudi. Wiki hizi tatu ukipita hapa naingia chini ya pikipiki. Kumbe na wewe unanikwepa!"

Nilikaa kwenye tairi. Niliamua bila kujua, nikapatia, nikajutia miaka kumi na minne. Kama hakimu wako ana neno la hilo, liongeze kwenye orodha.

Tulikunywa chai mpaka anafunga. Akaniomba nichezeshe mechi ya mafundi na madereva, nami Jumamosi nikavaa ile kaptula nyeusi, mama yako akishika kitasa cha mlango kwa kicheko. Dakika ya tatu nikapuliza faulo. Mafundi wakanizomea, madereva wakanizomea, na Mkono akanizomea kuliko wote. Sijafurahi hivyo tangu nistaafu.

Baba yako