Ile Revolveri ya Ng'ombe

Gaspari, kaka yangu,

Hapa Kibua mvua imenyesha tangu asubuhi, shamba halilimiki, na mke wangu amekwenda kwa mama yake. Nimebaki peke yangu, na nikibaki peke yangu unakuja wewe. Basi nimeona afadhali nikuandikie kuliko kuzungumza na ukuta.

Nimerudi kwetu, kama unavyoona. Nalima mihogo na migomba kama baba yangu. Watu wa hapa wanajua nilikuwa fundi wa vyuma huko juu Masisi, kwa hiyo wananiletea majembe na mitego iliyovunjika. Nawaambia macho yangu yameharibika. Yako mazima kabisa, Gaspari. Sitaki tu kushika tupa.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza Bihambwe, kwenye shamba la ng'ombe la mzungu? Nilitetemeka kwa baridi, na ukungu ulikuwa umefunika malisho hata nisione ng'ombe, nasikia pumzi zao tu. Wewe ulikuwa kapita, msimamizi wa wachungaji wote. Ulinipa kikombe cha maziwa ya moto, nikanywa kwa heshima, tumbo likanisumbua hadi jioni. Ulicheka sana. "Muntu wa musitu," ulisema, "tumbo yako haiyajuwa ngombe." Nami nilikuletea nyama ya porini iliyokaushwa, ukaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Tangu hapo tukawa ndugu. Ulikuwa ukipita kwenye karakana yangu kila asubuhi kabla ya kwenda malishoni, hata kama huna shida yoyote.

Njo pale karakanani tulipoziona zile revolveri mbili pamoja.

Mzungu wetu, yule tuliyemwita Bwana Polepole kwa sababu ya kusema kwake, alikuwa na revolveri yake ya kiunoni tangu zamani. Kisha akanunua ya pili, ya bei rahisi, akaziweka zote juu ya meza yangu na kuniagiza nizisafishe. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na fimbo yako. Kwa mbali zilikuwa kama mapacha. Zote mbili unavuta nyundo nyuma kwa dole gumba kila unapotaka kupiga, na zote unazijaza risasi mojamoja kupitia kimlango kidogo cha ubavuni. Zilikula risasi za boksi moja, zile ndogo ambazo nyundo huzigonga ukingoni mwa kitako.

Ila ukizishika tu, unajua. Ile yake ilikuwa chuma kitupu, nyeusi yenye kuelekea buluu, na mpini wa mti mgumu uliokaa mkononi vizuri. Ukivuta nyundo unasikia tak, tak, kama saa nzuri, na ngoma, lile gurudumu linalobeba risasi, inasimama pale pale, haitikisiki. Ilikuwa na mfuko wake wa ngozi wenye kamba ya kuifunga. Ile ya pili ilikuwa ya madini ya kuyeyusha, laini. Nilipoikwaruza kidogo kwa ncha ya tupa, chini ya rangi nyeusi ikatoka nyeupe kama sufuria. Mpini plastiki. Ukivuta nyundo inakoroma. Haikuja na mfuko wowote.

Uliuliza, "Kaka, hii ingine ni ya nani?"

Bwana Polepole akakujibu mwenyewe, taratibu kama kawaida yake: "Hii ni ya ngombe."

Alimaanisha ni yako. Ng'ombe akivunjika mguu kwenye makorongo, ao akishikwa na ugonjwa usiotibika, wewe njo utamaliza mateso yake huko huko malishoni, yeye asisumbuliwe kupanda milima. Kila asubuhi alikupa kwa mkono wake, na kila jioni uliirudisha. Sote tulijua kwamba mtu mweusi hawezi kupewa kitu kile bila ruhusa ya serikali. Yeye alijua kuliko sisi. Nawe ulifanya nini? Ulipokea. Nani angekataa?

Sikuwahi kukuona ukifurahi nayo. Wachungaji wengine walitaka kuigusa, wewe uliifunga kwenye kitambaa na kuipachika mkandani kama kitu kichafu. Nilikufundisha kuacha tundu moja la ngoma bila risasi, na nyundo ilale juu ya lile tundu tupu, ili hata ikianguka isipige. Ulifanya hivyo kila siku. Mimi ni shahidi.

Lakini madini yale yalikuwa yanalika. Kile kipini kinachoishika ngoma kilikuwa cha chuma, na ngoma yenyewe laini, basi kikaitafuna kidogo kidogo. Siku moja ulikuja na uso mzito. "Anselmi, angalia. Iko inazunguka yenyewe." Nikaijaribu. Kweli, ukiitikisa, ngoma inageuka, na lile tundu tupu linaondoka chini ya nyundo, linakuja lenye risasi. Siku ile ile tulikwenda wote wawili kwa Bwana Polepole, kwenye ngazi za nyumba yake. Nilimwonyesha. Nikamwambia hapa hakuna cha kutengeneza, chuma kibovu hakishiki dawa. Akaitazama, akairudisha mkononi mwako.

"Ni ya ngombe tu," akasema. "Tutaangalia kiisha mvua."

Tulishuka zile ngazi, wewe ukaifunga tena kwenye kitambaa.

Mvua haikuisha. Yule ng'ombe wako mwekundu, Bihogo, aliteleza akaanguka korongoni, mguu ukavunjika mahali pawili. Nilisikia kilio chake kutoka karakanani. Nilikuja na kamba, nikidhani labda tutamvuta. Wewe ulikuwa unapanda ule uzio wa magogo ili umfikie, gogo limelowa, mguu wako ukateleza, kitambaa kikafunguka. Ile revolveri ilianguka juu ya jiwe, ikapiga. Mlio ulikuwa mdogo sana. Niliona umekaa chini, nikadhani umeteleza tu. Nikakuuliza kama umeumia, ukaniangalia kama vile swali ni gumu.

Tundu mwilini mwako lilikuwa dogo, chini ya mbavu. Damu haikuwa nyingi. Njo maana nilikuwa na matumaini, Gaspari, nilikuwa mjinga kiasi hicho. Tulikubeba kwenye kipoyi, machela ya miti, kuelekea dispansari, watu wanapokezana, matope hadi magotini. Ulisema mara moja tu. "Bihogo bado anaumia. Mumumalize." Nikasema ndiyo. Tulikuwa bado hatujafika barabarani tulipogundua kwamba tunabeba mwili.

Ni Bwana Polepole aliyemmaliza Bihogo. Alishuka na ile revolveri yake nzuri, akapiga mara moja, akaifunga tena kwenye mfuko wake. Mchungaji mmoja alinieleza. Alisema mzungu alilia. Sijui kama alimlilia ng'ombe ao wewe.

Baadaye tuliitwa ofisi ya serikali huko Masisi. Pale Bwana Polepole, ambaye hakuwahi kuharakisha neno maishani mwake, alisema haraka kwamba uliichukua revolveri ndani ya meza yake bila yeye kujua. Kwamba uliiba. Nilinyoosha mkono nikasimama. Nilisema alikupa mwenyewe, kila asubuhi, mbele ya macho yangu, na kwamba tulimwonyesha ubovu wake kwenye ngazi. Administrateri, mkubwa wa ofisi ile, alinisikiliza hadi mwisho, sitamsingizia. Kisha akauliza, "Wewe njo ulikuwa unaisafisha?" Nikasema ndiyo. "Basi ulijua kama iko nayo, na haukuleta habari." Nikaketi. Nilikuwa nimeingia kama shahidi, nikatoka nikishukuru kwamba sikufungwa.

Nilifukuzwa kazi wiki ile. Veronika, mke wako, alipewa muda wa kukunja mkeka tu. Nyumba ya kambi ilikuwa ya kapita, na kapita sasa ni mwingine. Alitoka akiwa na mimba. Ndugu zako walikuzika vizuri, padri alisoma misa, lakini wakikutaja sasa wanashusha sauti. Baba yako haji tena barzani kukaa na wenzake. Mwizi wa silaha ya mzungu, njo jina lililobaki huko kwenu. Na yule kapita mpya anayo revolveri nyingine. Nimeambiwa na muuza chumvi aliyepita hapa. Ni mpya, inang'aa, rahisi kama ile, na anaitembeza mkandani kwa majivuno.

Huwa najiuliza kama ungekuwa hai ungebeba ile nzuri. Nimeigeuza kichwani mara nyingi. Hata ile, nyundo ikilala juu ya risasi na ikaanguka vibaya, ingepiga. Zote mbili ziliundwa hivyo. Lakini ngoma yake isingezunguka. Tundu tupu lingebaki tupu. Kamba ya mfuko ingeishika pale ulipoteleza. Nikifika hapo najua jibu, na jibu halinisaidii kitu. Nani angekupa wewe ile?

Mwezi uliopita nilishuka hadi Shasha. Veronika anaishi huko kwa kaka yake, anaanika na kuuza samaki kando ya barabara. Amekonda. Mtoto ni msichana, anaitwa Mapendo, anatembea, na ana paji lako la uso, hilo pana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima maneno ya kumwambia atakapokuwa na akili: kwamba baba yake hakuiba, na mimi nilikuwepo. Veronika alinisikiliza, akaendelea kugeuza samaki zake.

"Usimuambie, kaka," akasema. "Hapa hawajuwi kitu. Nimesema baba yake alikufa na homa. Ukimuambia hakuiba, atauliza nani alisema aliiba."

Nikamwambia lakini ni kweli. Akasema, "Najuwa ni kweli. Iko inanisaidia nini?"

Nikainuka kuondoka. Alinifungia samaki kwenye jani, nikapanda kurudi, na njia yote nilikuwa nakuomba msamaha bila kujua ni wa nini.

Basi, Gaspari, sasa huko Shasha ulikufa kwa homa, na huko Bihambwe uliiba. Mahali pengine popote hupo, ila hapa kwangu. Nimemwahidi Veronika kunyamaza, na nitanyamaza. Wewe nakuahidi hili: Mapendo akikua, akiuliza kwa kinywa chake mwenyewe, na mimi niko hai bado, nitamwambia yote, na nitaanzia na wewe, siyo na ile revolveri. Asipouliza, nitaenda nayo kaburini.

Sina tumaini kubwa kwamba atauliza.

Pumzika sasa. Baridi ya huko isikufikie.

Ni mimi, ndugu yako wa msituni,
Anselmi