Jiwe la Kijani la Mkwe Wangu

Jumapili, alasiri. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu watu walipotoka kanisani, na hakuna upepo hata wa kutikisa pazia.

Wewe uliyeyakuta maandishi haya, nakuomba sana, usimsomee mtu hata neno moja. Usimsomee rafiki yako, wala balozi wa nyumba kumi, wala mtu atakayekuja na tabasamu akisema ananifahamu. Kama nimekosa, nimekosa mwenyewe. Lakini maneno haya yakitoka kabla sijayasema kwa mdomo wangu, yatamwangukia mzee ambaye hana hatia.

Naogopa. Nimeliandika hilo mapema ili nisilizunguke.

Mimi ni karani katika ofisi ya serikali inayonunua mawe ya thamani hapa Musoma. Mawe yanayoletwa si mengi. Lakini mimi ndiye niliyepelekwa kozi kujifunza madaraja, na katika ofisi nzima sahihi inayokaa chini ya maneno "daraja la kwanza" ni yangu peke yangu. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Tangu Ijumaa sitaki hata kuikumbuka sahihi hiyo.

Jumatano alikuja ofisini Mzee Magesa, mkulima wa pamba kutoka Bunda. Alikuwa na jiwe la kijani, zumaridi iliyokwisha kuchongwa, amelifunga ndani ya kitambaa. Alilipata kwa mfanyabiashara mpita njia, akampa maksai wake wa plau. Sasa alitaka kuliuza serikalini, kwa njia halali.

Mzee Magesa ni baba wa Nyabweke, mke wangu.

Alinisalimia kwa upole, akavuta kiti, akakaa dirishani. Kosa langu lilianzia kwenye kiti hicho, na ni lazima nieleze kwa nini.

Kozini tulifundishwa kwamba jiwe la rangi hupimwa kwanza kwa rangi yake. Je, ni kijani safi, au kimeingiliwa na manjano? Kimekolea kiasi gani? Kikikolea mno, jiwe linageuka jeusi kidoleni. Kikififia, linafanana na kipande cha chupa. Halafu unaligeuza taratibu kuona kama mng'ao unatoka ndani au umelala juu tu. Ndipo unatafuta kasoro. Zumaridi karibu zote zina kasoro ndani, na mwalimu alituambia tuzivumilie, ingawa jiwe la aina nyingine lenye kasoro hizo hizo tungelishusha daraja. Ila ufa unaofika juu ya jiwe hauvumiliwi, hasa kwa jiwe la pete, maana mkono hugonga meza, mlango, sufuria. Jiwe la hereni au kidani halipati misukosuko hiyo.

Alituambia pia tusibabaishwe na herufi za wauzaji. A ya mmoja ni B ya mwenzake. Andika ulichokiona wewe, na ukione mchana, jiwe limeoshwa na kukaushwa, umelishika kati ya jicho lako na dirisha.

Kati ya jicho na dirisha. Na dirishani alikuwa amekaa mkwe wangu.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ningeinua jiwe lile kwenye mwanga, macho yangu yangetua moja kwa moja kwenye uso wake. Kumwomba asogeze kiti kungekuwa kumfukuza. Na kuliosha mbele yake, kitu alichokitoa mfukoni mwake mwenyewe, kungekuwa kumwambia kwamba amenipa uchafu.

Basi nililipima nikiwa nimeinama. Nililiweka juu ya karatasi nyeupe, mwanga ukalipiga kwa juu, na rangi ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilisahau kumeza mate. Nikaandika: daraja la kwanza, linafaa pete.

Ndugu Mafuru, mkuu wetu wa ofisi, aliporudi kutoka mkutanoni alinikuta bado nimeliinamia. "Kijana, hilo jiwe unalichumbia?" akasema, na chumba kizima kikacheka. Kisha akauliza limeletwa na nani. Nikajibu kwamba ni mkulima wa Bunda.

Sikudanganya. Nilipunguza.

Alifurahi, kwa sababu mkoa ulikuwa unatafuta jiwe la pete ya kumzawadia mke wa mgeni mmoja mkubwa. Akasema Jumatatu litakwenda kwa sonara, na likishafika huko ndipo mkulima atalipwa.

Ijumaa aliniambia nilitoe kwenye sefu nilipime uzito tena. Nilipokunjua karatasi niliyolifungia, niliona doa. Lilikuwa doa la mafuta, karatasi imekuwa laini na inapitisha mwanga kama ile inayofungia maandazi. Nilisogea dirishani, safari hii kiti kikiwa kitupu, nikaliinua.

Ufa ulikuwepo. Mstari mweupe ulianzia ukingoni ukaingia hadi katikati ya jiwe. Siku ya Jumatano mafuta yalikuwa yameujaza, ukajificha. Sasa yalikuwa yanatoka.

Nilijua sonara atafanya nini. Atalibana kwenye dhahabu, atapitisha moto karibu nalo, na litapasuka. Kisha watauliza ni nani aliyeandika daraja la kwanza. Wakishampata, watauliza muuzaji ni nani, na wataambiwa ni baba mkwe wa karani.

Kijana wa ofisi ya jirani alichukuliwa na Landrova ya polisi kwa sababu ya magunia ya pamba. Walimwita mhujumu uchumi. Kiti chake bado kiko pale, na hakuna anayekikalia.

Nililifunga jiwe kwenye karatasi mpya nikalirudisha. Ndugu Mafuru alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, anakunywa chai. Ningeweza kusema palepale. Nikafunga sefu.

Jana tulipanda basi kwenda Bunda, mimi na Nyabweke. Nilimweleza yote njiani kwa kunong'ona, huku kuku wa abiria wa mbele wakinidonoa viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama. "Umesoma mpaka Form Six," akasema, "ukashindwa kumwambia mzee sogea kidogo?"

Nilimwambia kwamba yeye ni binti yake, hawezi kuelewa. Akasema anaelewa vizuri sana, ndiyo maana anauliza.

Jambo nililoliogopa kuliko yote lilikuwa hili: kwamba mzee alijua. Kwamba alilitia mafuta ili kunipofusha, na kwamba alikaa dirishani kwa makusudi. Sikumwambia Nyabweke. Nalisema hapa tu.

Tulifika. Mimi nilikaa nje, mgongo ukutani. Mzee alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta uleule. Nyabweke alisimama mlangoni, akawa anapokea maneno yangu na kuyaingiza ndani, ingawa kila mmoja wetu alikuwa anamsikia mwenzake vizuri.

Nikamwambia aulize kama jiwe lilipakwa kitu.

"Mwambie mkwe nililipaka samli," sauti ya mzee ikatoka, bila wasiwasi. "Kila jioni. Yule aliyeniuzia alisema lisikauke. Na kibuyu kipya tunakipakaga, na ngozi tunaipakaga, isipasuke. Kwani jiwe halipakwagi?"

Nilifumba macho. Alikuwa amelitunza. Aliyelipaka ili kudanganya alikwisha kwenda zake na maksai, na huyu mzee aliendelea kuulisha ufa ule kila jioni kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Nikaeleza kuhusu ufa. Nikaeleza kwamba daraja litashuka hadi la tatu, kwamba jiwe halifai pete, kwamba huenda likafaa kidani, na kwamba atakachopata hakitamnunulia hata nusu ya maksai. Nyabweke aliyarudia yote, sauti yake ikipungua kadiri alivyoendelea.

Nilimsikia mzee akivuta ugoro, akapiga chafya.

"Maksai ameshaondoka," akasema. "Mwambie asimkimbilie. Aandike alichokiona."

Kisha akaongeza kitu kilichonikata maini. Aliuliza kama huko ofisini niliwaambia kwamba yeye ni mkwe wangu.

Nyabweke alinigeukia. Nikatikisa kichwa, naye akaliingiza ndani hilo nalo.

"Basi alinionea aibu," mzee akasema.

Haikuwa aibu, ilikuwa woga. Lakini nikiwa nimekaa pale ukutani sikuweza kuona tofauti yake, na leo bado siioni.

Kesho nitafika ofisini kabla sonara hajafungua duka. Nitamwomba Ndugu Mafuru alitoe jiwe mwenyewe. Nitaliosha mbele yake kwa maji ya uvuguvugu, nitalikausha, nitamsogeza dirishani aone. Nitafuta daraja la kwanza na kuandika la tatu, kisha nitamwambia muuzaji ni nani kwangu. Nimejaribu kuitamka sentensi hiyo mara nyingi tangu asubuhi. Kila mara naanza upya nikifika kwenye neno mkwe.

Je, ataamini habari ya samli? Mimi mwenyewe nilimshuku mzee, na mimi ni mkwewe.

Ukitaka kunipata baada ya kesho, usiniulize ofisini. Nenda Mwisenge, hapahapa mjini, nyuma ya shule, kwenye nyumba yenye mlango wa bati. Nyabweke yuko pale mchana wote. Msalimie kwanza, usianze na habari yangu. Akisema nimekwenda shamba kwa baba yake, panda basi la Bunda, shuka mbele kidogo ya kiwanda cha kuchambua pamba, ufuate njia ya ng'ombe inayopanda mlima. Utakutana na watu wakivuna. Jina langu huko hawalijui. Uliza mkwe wa Mzee Magesa.